KUONGEZA KUMBUKUMBU AU KUBADILI UBAO? JAWABU KWA MAMA WA TANGA

Mwezi huu tumepokea barua ya bibi mmoja wa Tanga, na kwa kuwa jambo aliloliuliza lilitufika na sisi wenyewe siku zilizopita, na likatutia haya mbele za watu, tumeona tulitangulize kabla ya mengine yote tuliyokuwa tumeyaandaa.

Bibi huyu ni mjane. Huuza vitumbua asubuhi, na kwa upatu wa wanawake wa mtaa wake amekusanya shilingi 260,000. Mwanawe ni kijana wa miaka 19, naye ana kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, na hiyo ndiyo duka lake: huwapigia watu chapa barua na maombi ya kazi, na hutengeneza kadi za harusi na ratiba za maulidi. Sasa mashine imekuwa nzito. Akifungua barua moja na picha moja na ukurasa mmoja wa intaneti, humbidi kungoja mpaka mteja achoke, na wateja wameanza kwenda kwingine. Fundi mmoja amemwambia kuwa ubao wa mashine umezeeka, alete fedha anunuliwe mpya. Mjomba wake asema ni ujinga, aongeze kumbukumbu tu. Kijana na mjomba wamefika mahali pa kutoamkiana. Mama auliza: ni nani mwenye haki? Tena je, kutia fedha katika chombo kikongwe si israfu?

Kwanza tuvieleze vitu vyenyewe, kwani wasomaji wetu wengi huvisikia majina tu. Mfano wake ni chuo cha Kurani. Mwalimu anayesomesha ni ile prosesa, ndiyo ifanyayo kazi. Kabati la misahafu lililo mwisho wa ua ni diski, mahali vitu vyote vinapowekwa hata umeme ukizimwa. Jamvi walilokalia watoto na misahafu iliyofunguliwa mbele yao ndiyo kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Jina hilo ni baya masikioni mwetu, lakini kitu chenyewe ni halali. Na chumba chenyewe, chenye milango na nguzo zake, ndicho ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi. Jamvi likiwa dogo, mwalimu hawezi kuwakalisha wote pamoja. Humtoa mmoja akarudishe msahafu kabatini, akamwita mwingine, kisha akamrudisha yule wa kwanza. Siku nzima hupita katika kwenda na kurudi. Ndivyo ifanyavyo kompyuta yenye kumbukumbu haba: hupeleka kazi diskini na kuzirudisha, na kwa kuwa diski ya kuzunguka ni nzito mno kuliko kumbukumbu, mwenye mashine huona kana kwamba imelala.

Tumesema kwamba jambo hili lilitufika. Mwaka 2021 chuo chetu kilikuwa na kompyuta tuliyopewa na mtu wa kheri, nasi tukiitumia kuandika majina ya wanafunzi, ada zao na karatasi za mtihani. Ikawa nzito kama hii ya Tanga. Tukawaomba wazee wa watoto mchango, wakatoa, wengine shilingi elfu elfu, na mmoja alitoa fedha tuliyojua kuwa ni ya chakula cha jioni. Muuzaji mmoja akatwambia ubao mpya ndio dawa, nasi hatukumwuliza mtu wa pili. Tulinunua ubao. Tulipofika nao nyumbani, prosesa yetu haikuingia katika tundu lake. Kumbukumbu yetu nayo haikuingia. Tukarudi dukani tukaambiwa tununue prosesa mpya na kumbukumbu mpya, na mchango ulikuwa umekwisha. Ubao ule ulikaa kabatini katika boksi lake miezi kumi na moja, na kila tulipolifungua kabati tuliuona. Mwishowe tulisimama mbele ya wazee tukawaeleza kama ilivyokuwa, tukairejesha fedha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwetu. Kisha kijana mmoja aliyesoma kwetu akaja likizoni, akaipima mashine kwa muda wa robo saa, akasema yataka kumbukumbu GB 4 zaidi. Ikatiwa, na mashine ile ingali ikifanya kazi hata leo.

Kwa sababu hiyo twajibu tukiwa tumeungua. Neno la kwanza tunalotaka mama na mwanawe walishike ni hili: ubao mpya si kitu kimoja. Katika barua kijana ameandika kwamba mashine yake ni Dell OptiPlex 3020, yenye prosesa ya Core i3 ya kizazi cha nne na kumbukumbu ya GB 4. Mashine za namna hii zilitoka mwaka 2013. Prosesa yake hukaa katika tundu lenye vigusio 1150, na mbao za vizazi vilivyofuata zina matundu mengine, 1151 na 1200 na 1700, wala haliingiliani moja na jingine. Kumbukumbu yake ni ya aina ya DDR3, yenye vigusio 240. Iliyofuata, DDR4, ina vigusio 288, na pengo lake limekatwa mahali pengine makusudi ili mtu asikosee akaitia mahali isipostahili. DDR5 nayo ina vigusio 288, walakini pengo lake si pale pale. Basi atakayenunua ubao wa kisasa atalazimika kununua prosesa na kumbukumbu pamoja nao. Zaidi ya hayo, mashine hii ina kisanduku cha umeme ambacho waya wake mkuu una pini 8, ilhali mbao za kawaida za madukani zataka pini 24. Kwa hiyo na kisanduku cha umeme nacho hubadilishwa, na pengine kasha zima. Na ikiwa Windows yake ilikuja na mashine kutoka kiwandani, ruhusa yake imefungamana na ubao ule wa zamani. Fundi alimtajia kijana bei ya ubao. Je, alimtajia na hayo yaliyo nyuma yake? Hatumtuhumu fundi, kwani hatukuwapo, lakini kijana amwulize bei ya vitu vyote kwa pamoja, tena iandikwe katika karatasi.

Neno la pili ni la mjomba, ili asije akafurahi mapema. Kumbukumbu nayo si dawa ya kila maradhi. Jirani yetu alikuwa na mashine kongwe kuliko hii, akajaza kumbukumbu mpaka nafasi zote zikaisha, nayo ikamwonyesha GB 3 na ushei tu. Sababu yake ni kwamba Windows aliyoitia ilikuwa ya biti 32, na hesabu ya biti 32 humalizika kwenye baiti 4,294,967,296, yaani GB 4. Na katika hizo sehemu hushikwa na vifaa vingine vya mashine. Fedha yake ililala ndani ya kasha bila ya kazi. Wako na wengine ambao jamvi lao ni pana tele lakini kabati ndilo bovu, au mwalimu ndiye aliyechoka, nao huongeza jamvi juu ya jamvi.

Ndiyo maana twasema mashine ipimwe kabla ya mtu kuweka mkono mfukoni. Kupima kwenyewe hakutaki fundi. Kijana angoje saa ya kazi hasa, si asubuhi mashine ikiwa tupu. Afungue barua, picha na ukurasa wa intaneti kama afanyavyo mteja akiwapo. Kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utatokea ukurasa wenye safu zilizoandikwa CPU, Memory na Disk, kila moja ina hesabu ya kadiri katika mia. CPU ndiyo prosesa, Memory ndiyo kumbukumbu. Aiache mashine ifanye kazi kwa dakika kumi huku akizitazama.

Akiona Memory imepanda juu ya 85 au 90 haishuki, na Disk nayo yarukaruka mpaka 100 kila anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, basi jamvi ni dogo na mjomba amesema kweli. Akiona Memory imekaa kwenye 50 au 60 na Disk imeganda kwenye 100, kumbukumbu haina kosa. Diski ndiyo inayomchelewesha, na badala ya kununua ubao au ramu anunue diski ya SSD, ile isiyozunguka, ambayo huingia katika mashine hii bila ya taabu. Wengi waliobadili diski peke yake wamedhani wamepewa kompyuta nyingine. Lakini akiona CPU iko 100 muda wote na nyingine zimetulia, hapo ndipo fundi alipo na hoja, kwani prosesa imefika mwisho wa nguvu zake.

Katika ukurasa huo huo, akibonyeza palipoandikwa Performance na kisha Memory, ataonyeshwa ni nafasi ngapi za kumbukumbu zimejaa. Mashine yake ina nafasi 2, na kikomo chake ni GB 16. Ikiwa GB 4 alizonazo ziko katika kijiti kimoja, aweza kuongeza kijiti kingine cha GB 4 apate 8, na vijiti viwili vilivyo sawa hufanya kazi kwa kusaidiana, jambo ambalo huizidishia mashine wepesi kidogo. Kwa kazi ya barua na kadi, GB 8 zinatosha. GB 16 ni za mtu anayekata picha za video, na kwa prosesa ile hatumshauri mtu kuishika kazi hiyo.

Tuseme na juu ya kununua. Kumbukumbu za DDR3 nyingi zilizoko madukani kwetu zimekwisha tumika, na hilo si aibu. Aibu ni kuficha ila. Wasomaji wetu wanaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini yake ni maji maji huku juu ni kukavu, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Basi kijana naye atie mkono. Kijiti kina kibandiko chenye maandishi. Kwa mashine yake atafute PC3-12800U au PC3L-12800U. Herufi ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa ni R, kumbukumbu hiyo ni ya seva, haitawaka katika mashine yake, nayo huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa ni S, ni fupi, ya kompyuta za kupakata. Aende na mashine yake dukani kama yawezekana, kitiwe mbele ya macho yake, iwashwe, aone GB 8 kwenye kioo ndipo alipe. Na kabla ya hayo yote azime, achomoe waya wa umeme, aguse chuma cha kasha, akitoe kijiti cha zamani, akifute vigusio vyake kwa kifutio cha penseli na akirudishe mpaka asikie vishikizo vimeitika. Pengine mashine inayozimika zimika ilikuwa na vumbi tu.

Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya kumbukumbu mpya imepanda sana ulimwenguni, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu zao kwenye mashine kubwa za akili mnemba. Hili nalo lawaelemea wanaobadili ubao kuliko wanaoongeza kijiti kimoja kilichotumika, kwani ubao mpya hautaki kijiti cha zamani.

Liko jambo moja ambalo wala mjomba wala fundi hakulitaja, nasi twaliona ni zito kuliko wepesi na uzito wa mashine. Windows 10, ambayo kijana asema ndiyo aitumiayo, iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu siku hiyo haipati tena marekebisho ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama bila ya malipo au kujiandikisha kwa muda mfupi. Windows 11 yataka kinga iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel yaanzia kwa kawaida kizazi cha nane, hali yake ni ya nne. Kuongeza kumbukumbu hakuondoi upungufu huu hata kidogo. Na ndani ya mashine hiyo muna nini? Muna vyeti vya watu, namba za vitambulisho, maombi ya kazi, pengine barua za talaka. Hizo ni amana, nao walizileta kwa kumwamini kijana. Siku zitakapotoka mikononi mwake hataweza kuzikusanya.

Njia ziko mbili. Ya kwanza haina gharama: aitoe Windows na atie Linux Mint, ambayo ni bure, yaendelea kurekebishwa, na yakaa vizuri katika mashine ya GB 4, seuze 8. Ataandika barua kwa LibreOffice, na kadi atazitengeneza kwa Inkscape au GIMP, nazo pia ni bure. Mwezi wa kwanza utakuwa mchungu, kwa maana mkono umezoea mahali pengine. Sisi wenyewe tulinung'unika wiki tatu, na mwalimu mwenzetu alinung'unika zaidi. Kabla ya kuitoa Windows aweke nakala ya kazi zake zote mahali pengine, na ahakikishe printa yake inakubali. Njia ya pili ni ya fedha, nayo ni kukaa akiweka akiba mpaka apate mashine nzima ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha nane au cha juu yake. Ikiwa kupima kumeonyesha kwamba prosesa ndiyo iliyochoka, au ubao wenyewe umeharibika, kapasita zimevimba na milango ya USB imekufa, twaona hii ya pili ni bora kuliko kununua ubao na kuufuatia prosesa, kumbukumbu na kisanduku cha umeme kimoja kimoja. Mwenye kasha la kawaida na kisanduku cha umeme kizuri, tena ajuaye anachokifanya, hukumu yake ni nyingine. Lakini yule hatuandikii sisi barua.

Ama swali la israfu, ambalo mama ameliweka mwisho wa barua nasi twaona ndilo lililomwondolea usingizi: aya za 26 na 27 za Suratul Israi zakataza ubadhirifu, na ubadhirifu ni kuitoa mali pasipo haki yake. Kukitengeneza chombo anachochumia riziki mtoto wako si ubadhirifu, kiwe kikongwe au kipya. Kutoa shilingi 260,000 za upatu kwa neno la mtu mmoja bila ya kupima, hilo ndilo tulilolifanya sisi kwa mali ya wazee, na hatulipambi kwa jina zuri. Mama asizitoe zote. Ikiwa hesabu zitaonyesha jamvi ni dogo, anunue kijiti kimoja. Zikibaki fedha za kutosha, diski ya SSD ifuate mwezi mwingine. Zilizosalia zirudi katika unga wa vitumbua. Tena fedha hiyo aitoe kwa masharti yaliyo wazi: ni zawadi kwa mwanawe, au ni deni, au ni ubia. Tumeona nyumba nyingi zikigombana si kwa uchache wa fedha bali kwa kutojulikana ilitolewa kwa jina gani.

Na kijana, tunayemwandikia kama tunavyowaandikia wanafunzi wetu: mjomba wako hakukuita mjinga kwa kuwa akuchukia. Huenda yeye hajui tofauti ya DDR3 na DDR4, lakini ajua mama yako huamka saa ngapi kuwasha moto. Nawe mjomba, kijana huyu kazi yake ni kazi. Usimtazame kama mtoto anayetaka mchezo. Mtangulizeni salamu, kisha kaeni mbele ya kioo hicho wote watatu.

Dada yetu wa Tanga, twaomba utuandikie zile hesabu tatu, ya CPU, ya Memory na ya Disk, kabla hamjaenda dukani, nasi tutakujibu katika toleo lifuatalo Inshallah. Utujulishe pia kama mjomba alikuwapo mlipozisoma.

Wabillahi tawfiq.